Aliyeitika Nyuma ya Pazia

Kichupa kilikuwa na joto.

Hilo halikuwa jambo la kumtoa mtu mbio, na Fasta, ambaye alikuwa hodari wa kutoka mbio hata pasipo sababu, alibaki palepale akikigeuzageuza kiganjani. Vichupa vingine kumi na kimoja alivyovitoa kwenye friji asubuhi ile vilikuwa baridi kama pua ya mbwa, maana vililala humo tangu jana. Hiki kimoja kilikuwa na uvuguvugu wa yai lililotagwa sasa hivi. Mwandiko wa kwenye lebo ulikuwa wake mwenyewe: majina matatu ya mke wake, yaani lake, la baba yake na la babu yake, kisha tarehe, wodi ya wanawake, kitanda namba kumi na nne.

"Hata damu yako ina hasira, mama watoto," akakiambia kichupa.

Mke wake alikuwa amelazwa siku ya nne. Uvimbe wa kwenye kizazi ulikuwa umemnyonya mpaka viganja vyake vikawa vyeupe kama vya mtu aliyefua kutwa nzima. Saa sita mchana huo angepasuliwa, na daktari alikuwa amesema waziwazi kwamba bila mifuko mitatu ya damu iliyooanishwa na ya kwake, hashiki kisu. Na kwa bahati, au hivyo ndivyo Fasta alivyojisifia, mumewe alikuwa anasomea kazi hiyohiyo.

Kusomea, akiwa na miaka arobaini na saba. Alikuwa ametumwa na mwajiri wake kwenye kozi ya miezi sita ya benki ya damu, akakaa dawati moja na vijana wanaolingana na mwanawe wa pili, wakampa jina la Fasta kwa sababu alimaliza kila zoezi wa kwanza kisha akarudishwa kulifanya upya. Yeye mwenyewe ndiye aliyelieneza jina hilo. "Mimi nafika kabla ya watu wote," aliwaambia, "kisha nasimama kuuliza nimekuja kufanya nini."

Mwalimu wao, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, wanafunzi walimwita Mama Majina. Kila asubuhi, kabla mtu hajagusa chochote, aliwasimamisha.

"Mgonjwa anaulizwaje?"

"Jina lako nani!"

"Haulizwi vipi?"

"Wewe ndiye fulani!"

"Lebo inaandikwa wapi?"

"Kitandani, mbele ya mgonjwa!"

Waliitikia kama watoto wa chekechea, wakifinyana kwa kicheko. Sababu walishaambiwa: mtu aliyechoka, kiziwi au mwenye homa huitikia jina lolote utakalomtajia, nawe ukachukua damu ya huyu ukaiandika ya yule. Sababu hiyo ilitosha, na hakuna aliyeuliza kama kulikuwa na nyingine.

Jana yake, saa nne, Fasta alikuwa amefika kitanda namba kumi na nne, cha mwisho, ukutani, akakuta pazia limefungwa. Hakulifungua. Mwanaume gani anamuuliza jina mke aliyeishi naye miaka ishirini na miwili? Alisimama nje ya pazia, akakohoa kama hakimu, akayataja majina yote matatu. "Wewe ndiye huyo, mshitakiwa namba moja?"

"Ndiyo," ikajibu sauti.

Mkono ukatoka katikati ya pazia. Akaufunga mpira, akapata mshipa kwa mara ya kwanza. Hapo angepaswa kushtuka, kwa sababu mishipa ya mke wake ilikuwa na tabia ya kujificha kama wadaiwa. Angepaswa kushtuka pia kwamba mzaha wake haukurudishiwa mzaha, kwa mwanamke ambaye hata kwenye uchungu wa kujifungua alimtania mkunga. Lakini alikuwa na wodi nyingine za kupitia. Lebo aliiandika ngazini, akiegemea ukuta.

Sasa, maabarani, akadondosha damu ile kwenye kigae cheupe ili apime kundi. Kundi la mke wake alilijua tangu kadi ya kliniki ya mtoto wa kwanza: O. Damu ya O hubaki laini kwenye dawa ya kwanza na ya pili. Hii ikashikana vidonge kwenye ya kwanza. Ikashikana kwenye ya pili. Akadondosha tone la mwisho kwenye maji ya chumvi matupu, ambayo hayawezi kuishikanisha damu ya mtu yeyote, na humo nako damu ikajikusanya, ikajikunja, ikawa donge moja lililosogea kidogo kuelekea kidole chake.

Ikanuka chuma kilichopashwa moto. Na kichupa, kikiwa peke yake kwenye kishikilio, kikaanza kugonga taratibu, ti-ti, ti-ti, kama moyo wa kifaranga.

Hapo ndipo alipotoka mbio.

Mke wake alikuwa ameketi kitandani, pazia wazi, anapepewa na sista wa wodi kwa jalada la faili.

"Leo ndiyo unakuja?" akamwambia. "Jana nimekungoja mpaka nikasinzia."

"Jana nilikuchukua damu, mama watoto. Saa nne."

"Ulimchukua nani? Saa nne nilikuwa kwenye picha ya tumbo. Muulize sista, ndiye aliyenisukuma kwa kiti." Akamtazama juu mpaka chini. "Mwanaume una mke mmoja, na bado unamkosea?"

Sista akacheka. Fasta naye akacheka, kisha akakatiza.

"Nani alibaki kitandani hapa?" akauliza.

"Hapa? Hapakuwa na mtu," sista akasema, akafungua faili. "Haya mama, tukuandae. Jina lako nani? Taja yote."

Mke wake akataja la kwanza. Akataja la baba yake. Kisha akabaki mdomo wazi.

"La babu... ngoja. Lipo hapa kwenye ulimi. Baba watoto, babu yangu alikuwa anaitwa nani?"

Fasta alilijua. Alikuwa amelitaja mbele ya mashehe na mashahidi siku ya ndoa. Alipolitafuta, akakuta kichwani pamebaki nafasi tupu, kama ukuta uliong'olewa picha. Na kabla hajasema kitu, mke wake akashika tumbo, na shuka chini yake likaanza kubadilika rangi.

Alimchukua damu upya. Safari hii alifuata kila hatua, akaandika palepale kitandani majina mawili yaliyobaki na namba ya faili, akakimbia nayo kwa Mama Majina. Mwalimu hakuuliza maswali. Akaijaribu damu ya mfuko wa kwanza wa kundi O pamoja na damu ile, akazungusha mashine, akatazama kwenye mwanga. Vidonge. Mfuko wa pili, vidonge. Mfuko wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita, hadi friji likabaki na rafu tupu, na kila mfuko ukishikana na damu ya yule mwanamke kama watu wanaokabana makoo.

"Damu yake inamkataa kila mtu," mwalimu akanong'ona. Kisha macho yake yakaangukia kile kichupa kinachogonga. Akavua miwani. "Fasta. Jana uliuliza vipi?"

"Nilimuuliza tu, mwalimu."

"Mwanangu, niambie ukweli, muda hatuna."

"Niliuliza... wewe ndiye."

"Pazia?"

"Limefungwa."

"Lebo?"

"Ngazini, mwalimu."

Mama Majina akaenda kufunga mlango. "Neno hili silisemi darasani, wataniona nimerukwa na akili. Ni jini. Halina jina, na hiyo ndiyo njaa yake. Linakaa penye watu waliolala na wanaoitwaitwa, linangoja atakayeuliza vibaya. Lenyewe linajua kuitika tu. Likiitika, damu ikatolewa, lebo ikaandikwa, basi umeliandikia jina. Kisha linajifunza kulitamka, neno moja moja. Likimaliza la mwisho, mwenye jina amekwisha."

"Tukitupe hicho kichupa! Tukichome!"

"Wenzangu walichoma cha kwangu, zamani. Kesho yake kilikuwa kwenye friji."

"Wewe ulifanyaje?"

"Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikimbia. Mgonjwa wangu alikufa saa tisa alasiri, anawauliza watu wa pembeni yeye ni nani." Akaivaa miwani, ikakaa upande. "Kuna mzee wa mochwari aliniambia mchana ule kwamba jini hili halinyang'anywi. Hubadilishiwa, jina kwa jina. Mimi nilielewa maana yake, ndiyo sababu nilikimbia. Wewe sikushauri kitu."

Walipofika wodini, mke wake alikuwa amewekwa kwenye kitanda cha magurudumu karibu na mlango, midomo ya kijivu. Daktari alikuwa ameshapiga simu mara mbili kuuliza damu. Fasta akamwinamia.

"Jina lako nani, mke wangu?"

Akataja la kwanza tu, kwa sauti ya kuuliza, kama mtu anayebahatisha.

Ilikuwa saa sita kasoro, jua limejaa madirishani, nesi mmoja anahesabu vidonge, redio ya mtu inaimba kwa chini. Na katikati ya mchana huo wa kila siku, pazia la kitanda namba kumi na nne, kitanda ambacho Fasta alikiona kwa macho yake kikiwa kitupu, shuka limeondolewa na godoro limekunjwa, likaanza kujifunga lenyewe, pete moja, ikatulia, pete ya pili, ikatulia, pete ya tatu, polepole kama mtu mwenye adabu asiyetaka kuwasumbua wagonjwa, hadi likagusa ukuta, na harufu ya chuma cha moto ikasambaa sakafuni mpaka kwenye miguu yake, na redio ikawa kama inaimba ndani ya maji, na yeye, aliyezoea kuwa na neno la kuchekesha hata kwenye mazishi ya shangazi zake, akalitafuta neno hilo kila mahali asilione.

Mama Majina akasogea hatua tatu mbele ya pazia. Sauti ilikuwa ileile ya darasani.

"Jina lako nani? Taja yote."

Nyuma ya pazia kitu kikavuta pumzi. Kikalitaja jina la kwanza la mke wa Fasta, kwa sauti ya mke wa Fasta, kikikokota kila silabi kama mtoto anayejifunza kusoma. Kikataja la baba yake. Kikaanza la babu, kikakwama kwenye silabi ya kwanza, kikairudia, kikairudia tena, na kule mlangoni mdomo wa mke wake ukawa unafunguka na kufunga pamoja nacho, bila sauti.

"Fasta," mwalimu akanong'ona pasipo kugeuka. "Limebakisha kidogo."

Alimtazama mke wake. Aliwaza watoto watatu, na yule wa mwisho asiyekubali kulala mpaka mama yake amfunike mwenyewe. Kisha akasogea, akachukua sindano mpya, mpira na kichupa kitupu, akasimama nje ya pazia. Akakohoa, ila safari hii kikohozi kilikuwa cha kweli.

"Wewe ndiye..." akasema, akataja majina yake mwenyewe, moja, mawili, matatu, bila haraka hata kidogo, akiyaonja yanavyopita mdomoni.

Silabi ikakatika. Sista akainua kichwa kule mezani.

"Ndiyo," ikajibu sauti. Ilikuwa ya mwanaume. Ilikuwa na ule mkwaruzo wake wa asubuhi.

Mkono ukatoka kwenye pazia. Akaufunga mpira. Ulichemka kama chungu, na mshipa ukaja wenyewe juu kukutana na sindano. Alijaza kichupa, akatoa kalamu, akaandika lebo palepale kitandani, herufi kwa herufi, mwandiko mzuri kuliko wote aliowahi kuandika tangu kozi ianze. Alipoweka nukta ya mwisho, mkono haukuwepo.

Mlangoni mke wake akavuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Akataja majina yake matatu mfululizo, kisha akaongeza, "Mbona mnanitazama hivyo? Nimekufa?"

Mifuko mitatu ikaoana papo hapo, damu imetulia laini kama maziwa. Mama Majina aliibeba mwenyewe hadi chumba cha upasuaji, akikimbia, na wanafunzi waliokutana naye njiani wakasema hawajawahi kumwona hivyo.

Saa kumi alasiri mke wake alirudishwa wodini, karibu na meza ya sista, mfuko wa tatu unadondoka taratibu mkononi mwake. Rangi ilikuwa imeanza kurudi kwenye midomo. Fasta alikaa kwenye kigoda, ameshika kidole kidogo cha mke wake kwa sababu sehemu nyingine zote zilikuwa na plasta.

Sista wa zamu ya jioni, ambaye hakuwepo mchana, akaja na fomu.

"Pole, baba. Nijazie tu msimamizi wa mgonjwa." Kalamu yake ikasubiri juu ya karatasi. "Jina lako nani?"

Fasta akafungua mdomo.

Akaufunga. Akatabasamu, akafungua tena. Vijana wa darasani walimwitaje? Hilo lilikuwepo. Nyuma yake hapakuwa na kitu.

"Ni mume wangu huyo," mke wake akasema, macho ameyafumba.

"Najua, mama, lakini fomu inataka jina."

Mke wake akafumbua macho, akamtazama mumewe. Akamtazama kwa upendo, kwa muda mrefu, na kwa hofu iliyokuwa ikipanda polepole, kama mtu aliyepapasa funguo mfukoni na kukuta tundu.

Kule mwisho wa wodi, nyuma ya pazia la kitanda namba kumi na nne, mtu akakohoa kama hakimu, akayataja majina yote matatu ya Fasta kwa sauti ya Fasta, kwa utaratibu, bila kukwama popote.

Sista akayaandika, hakuinua hata kichwa.

"Asante, baba," akasema.