Fundi wa Injini ya Kulia

Kwanza ilikuwa harufu. Kabati, mhudumu mkuu wa abiria, jitu la miraba minne, alichungulia kwenye chumba cha marubani asubuhi ile akakunja pua.

"Nani anaunguza nywele humu? Saluni imehamia huku?"

Rubani msaidizi, mwanamke pekee humo, alicheka. Kepteni, mume wa dada yake, hakucheka. "Funga mlango," alisema. "Na wewe shemeji, soma orodha yako."

Akasoma. Alijua kwa nini shemeji yake hataki maneno. Mwezi uliopita fundi mmoja alivutwa na injini ya kulia ya ndege hiyohiyo akiwa anaikagua, na kilichotolewa humo kilijaa ndoo mbili. Uchunguzi ukasema fundi alikuwa mzembe. Injini ikasafishwa, ikapimwa, ikarudi kazini.

Ndege ikaanza kukimbia, abiria mia na arobaini nyuma yao. Rubani msaidizi alitaja mwendo kwa sauti, mpaka ukafika ule ambao ukishaupita husimami tena, kwani njia iliyobaki haitoshi. Ni kupaa tu.

"Tumepita," alisema, na injini ya kulia ikapasuka.

Pua ya ndege ikavutwa kulia. Kengele ya moto ikalia. Kepteni alipaswa kukanyaga pedali ya kushoto na kuendelea kupaa. Badala yake alishika wenzo wa injini ya kushoto, ile nzima, akaanza kuurudisha nyuma ili kuizima.

"Siyo huo! Shemeji, utatuua!"

"Nilikuwa bado nimo ndani," Kepteni alinong'ona, na sauti haikuwa yake, ilikuwa ya mtu aliyejaa damu kooni. "Kwa nini uliwasha?"

Rubani msaidizi akamng'ata kifundo cha mkono mpaka meno yakagusa mfupa, na mkono haukuachia, akabonyeza kitufe cha mlango huku akimwita Kabati, akakanyaga pedali kwa mguu wote na kuinua pua ya ndege, na Kabati akaingia akamkaba Kepteni shingo kwa nyuma, na Kepteni akageuza kichwa kama kisicho na mifupa, akamnyofoa sikio na kulitema juu ya vioo vya mitambo, na Kabati, akilia kama ng'ombe, akamfungua mkanda wa kiti, akamburuta na kumkalia sakafuni wakati mapaa ya nyumba yakipita chini karibu kuguswa.

"Kabati! Kabla sijazima, niambie kwa sauti. Wenzo huu ni wa kulia?"

"Wa kulia, mama. Wa kulia!"

Akazima. Akamwaga dawa ya moto. Akazunguka na injini moja, akatua.

Abiria waliteremka wote. Kepteni alikuwa amelegea mara magurudumu yalipogusa ardhi, akateremshwa pamoja nao. Rubani msaidizi na Kabati wakawa wa mwisho, wakamkuta amesimama kwenye lami, analia kwa sauti yake mwenyewe.

"Niliwasha kabla fundi hajanipa ishara," alisema. "Nikawaambia wachunguzi kwamba aliingia mwenyewe."

"Tutawaambia ukweli leo hii," rubani msaidizi alisema. "Mimi na wewe. Twende."

"Anasema amechoka kungoja."

Injini ile, isiyo na mafuta, iliyopasuka tumbo, ikaanza kuzunguka, polepole kwanza, kisha kwa mlio uliowatoa zimamoto mbio, na Kepteni akaanza kuburuzwa kuielekea, visigino vikichora lami, na rubani msaidizi akang'ang'ania shati lake kwa mikono miwili, akavuta na yeye akivutwa, Kabati amemshika kiunoni, mpaka mikono yake ikawa myepesi ghafla, na joto la damu likamfunika uso.

Injini ikasimama. Shati lilikuwa mkononi mwake, vifungo vyote vimefungwa.

Simu ikaita. Dada yake.

"Nimeona moshi wa ndege yenu nikiwa dirishani nyumbani. Mmepona wote?"

"Abiria wote wazima."

"Na baba watoto?"

Akakaa chini kwenye lami. Akamweleza, akianzia kwa fundi.