Betri Moja, Simu Mbili

Lori liliacha barabara kwenye kona ya tatu ya mteremko. Breki zilishika, matope hayakushika. Kichwa cha gari kikalala ubavu, kikavunja miti michanga kama njiti za kiberiti, kikaenda kutulia chini ya korongo pua ikiwa ndani ya maji. Baada ya hapo ilisikika mvua tu.

Fundi wa simu alipozinduka, mdomo ulikuwa umejaa ladha ya damu na dirisha la upande wake halikuwepo. Simu yake ilikuwa imerushwa nje pamoja na kioo cha dirisha hilo. Kaka yake, mwenye usukani, alikuwa macho. Dashibodi ilikuwa imejikunja juu ya mguu wake wa kulia, na suruali chini ya goti ilikuwa imelowa kitu kizito kuliko maji.

"Tulia, mdogo wangu," akamwambia dada yake. "Nimeshapiga simu."

Akamweleza polepole, akimeza mate kila baada ya maneno matatu. Simu yake ilionyesha asilimia arobaini na moja, kwa hiyo hakuwa na haraka. Aliwasha tochi akautazama mguu, akatamani asingeutazama. Kisha akampigia bosi wake. Bosi akapokea, akaambiwa wameanguka, na kabla hajaambiwa wapi, simu ikazimika. Labda imeingia maji, alisema kaka. Fundi si yuko hapa? Aifungue.

Fundi aliipokea akaishika tu. Hakuwa na haja ya kuifungua.

Wiki sita nyuma, kwenye kijiduka chake chenye meza moja, taa ya kuinamia na kopo la bisibisi, aliletewa betri mpya. Aliyeiagiza ni kaka yake. Ya kwake ilikuwa imechoka, afya yake imeshuka hadi sitini na moja. Lakini simu ya Mama ilikuwa ya aina ileile, na hali yake ilikuwa mbaya zaidi. Mama alikuwa mgonjwa wa kitandani. Kila alipotaka kuongea na wanawe, ilimbidi ajisogeze hadi ukutani penye waya wa chaji, aongee akiwa amejikunja, na mgongo ule haukuwa tena wa kukunjwa. Fundi alikaa na betri mkononi mchana kutwa. Jioni akaifunga kwenye simu ya Mama.

Kisha akaichukua betri chovu ya kaka, akaichomeka kwenye kile kimashine cha mezani kinachosoma na kuandika hesabu za betri, akafuta sitini na moja, akaandika mia. Alijiambia ni mwezi mmoja tu, nyingine inakuja. Kaka alipoiona mia akaibusu simu, akasema dada yake anafufua wafu. Wala hakugundua, maana dereva simu yake hushinda kwenye chaji ya gari. Betri nyingine ikachelewa, Mama akafariki, duka likafungwa kwa msiba. Na sasa walikuwa wanatoka kuhamisha vitu vya chumba chake, kazi ya siku nzima, simu ikiwa mbali na chaji. Kitanda na kabati lake vilikuwa huko nyuma chini ya turubai.

Alimweleza yote hayo akiwa anatazama kioo cha mbele kilichopasuka. Kaka aliinyooshea simu kidole.

"Kwa hiyo arobaini na moja ni uongo."

"Ni uongo."

"Iliyobaki ya kweli ni kiasi gani?"

"Ya ujumbe mmoja. Ikiwa na joto."

Betri za lori zilikuwa zimeng'oka, zimezama. Njia yenyewe ilikuwa ile ya zamani ya msituni, iliyosahauliwa tangu ile mpya ifunguliwe. Kaka aliifuata ili wawahi kufika, na hakumwambia mtu.

Giza likaingia. Fundi alichana shuka la Mama, akafunga jeraha akikaza kwa meno. Alijaribu jeki; ilizama kwenye matope kama kijiko kwenye uji. Alikinga maji ya mvua kwa kona ya turubai, akamnywesha kaka kidogokidogo. Simu aliiacha vilevile imezimika, akaifunga kwenye mfuko wa plastiki, akaibana kwapani. Betri iliyochoka huogopa baridi, na huogopa zaidi kushtuliwa: ukiiwashia tochi, ukapiga, ikaanza kuutafuta mtandao kwa nguvu, ni sawa na kumtwisha mzee gunia na kumwambia apande ngazi mbio.

Usiku ule kaka hakumtukana. Angemtukana, ungepita upesi zaidi.

"Sivisikii vidole," alisema kulipopambazuka.

Fundi alipanda kuufuata mtandao, maana ule hafifu wa korongoni ungeimaliza betri kabla ujumbe haujatoka. Mlima ulikuwa wa udongo mwekundu, anapanda hatua mbili, anateleza moja, mkono mmoja kwenye mizizi na mwingine umebana kwapa. Miiba ilimchana shavu, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope. Juu ya mgongo wa mlima upepo ulikuwa mkali kama wembe. Akachutama nyuma ya jiwe, akaweka simu tumboni chini ya nguo, akasubiri pumzi itulie na joto lirudi. Maneno alikuwa ameshayapanga kichwani. Akaiwasha. Thelathini na nane, ikasema ile simu, bila haya. Mtandao ukaja kijiti kimoja. Akapunguza mwanga hadi mwisho, akamwandikia bosi: Njia ya zamani, kona ya tatu, korongoni, mguu umebanwa. Akabonyeza.

Duara dogo likazunguka. Likazunguka. Kioo kikawa cheusi.

Hakujua kama ujumbe umefika. Aliteremka akiwa hajui, akamkuta kaka anaongea na Mama kwa sauti ya kitoto, akimuuliza kama chakula kimeiva. Fundi akamjibu kwa niaba yake kwamba bado kidogo.

Walikuja alasiri, wanaume sita na winchi, bosi akiwa mbele amevaa nguo za jana. Usiku kucha walikuwa wameipekua njia mpya, kona kwa kona.

Daktari alisema wangefika jioni ile ya kwanza, mguu ungepona. Waliukata juu ya goti.

Siku ya tisa, kwenye wodi yenye vitanda vinane na feni moja, kaka alipata nguvu ya kukaa. Alitazama pale shuka lilipolala bapa.

"Niombe msamaha," alisema. "Nikusamehe, tuyamalize."

Fundi alikunja kitambaa alichokuwa akimfutia uso. Alimuuliza kama anaikumbuka siku ya mwisho ya Mama. Kaka aliikumbuka. Mama alimpigia saa nane mchana, wakaongea hadi jua likazama: jinsi alivyozaliwa, nani alimbeba, wimbo gani ulimlaza. Mama akicheka, amelala chali, mgongo umenyooka.

"Ile ilikuwa betri yako," alisema Fundi. "Masaa manne bila waya."

Kaka alijilaza tena chali, akafumba macho. Machozi yakapita pembeni, yakaingia masikioni.

"Nitakuosha," akasema Fundi. "Nitakubeba hadi upate mguu wa bandia. Nitajifunza kuendesha lori, wewe ukae pembeni unitukane. Lakini msamaha kwa betri ile siombi, kaka. Leo siombi, na kesho siombi."