Kidole Kimoja Juu ya Tairi

Siku ya Jumamosi, duka la vifaa vya ujenzi halijui mkubwa wala mdogo. Wabeba mabati wanataka njia, wanunuzi wa rangi wanabishana, na mwenye duka anawajibu watu watatu kwa jibu moja. Mshona mapazia alitoka humo amekumbatia fimbo ndefu za pazia, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, gauni lake la kijivu limeshika vumbi la saruji kifuani. Alipofika kwenye gari lake alikuta miguu ya mwanaume imetokeza chini.

Hakushtuka. Tangu wamzike baba yake, vitu vya kumshtua vilikuwa vimekwisha. Aliitazama tu ile miguu. Viatu vilikuwa vimelowa mafuta, soksi moja nyeusi na nyingine ya kahawia.

"Umepoteza nini chini ya gari langu?"

Miguu ikatulia. "Nimepoteza adabu, dada. Nisamehe."

Mwanaume akajivuta nje. Alikuwa mwembamba, ovaroli limemning'inia kama limeazimwa, na mstari mweusi wa grisi ulipita kwenye paji la uso wake.

"Mimi ni fundi springi," alisema akijipangusa. "Sikuweza kulipita. Magari ya namna hii wenzio walishayauza kwa kilo. La nani?"

"La baba."

"Mwambie mzee ana mkono mzuri. Springi zake ni zile zile lilizotoka nazo kiwandani."

"Baba amekufa."

Alisema hivyo kama anavyomtajia mteja upana wa dirisha. Fundi akavua kofia.

"Pole sana, dada."

"Asante."

Watu walipita kati yao na ngazi ya mbao. Ilipokwisha kupita, fundi alikuwa bado amesimama pale pale, kofia mkononi, na mshona mapazia akajikuta akiuliza jambo ambalo hakupanga kumwuliza mtu siku ile.

"Unaweza kulishusha?"

"Kulishusha? Liko pale pale lilipozaliwa."

"Zamani lilikuwa chini. Nina picha."

Akaitoa mkobani. Ilionyesha gari lile lile la bluu, limepigwa kwa ubavu, uani kwao. Jua lilikuwa limepiga vioo hadi vimekuwa vyeupe kama sahani. Bodi lilikuwa limelala karibu na matairi, nafasi ya kidole kimoja tu. Fundi aliinama penye gari, akapitisha mkono kati ya tairi na bodi. Kiganja kizima kikapita bila kugusa.

"Mama hataki kuliingia," mshona mapazia alisema. "Tangu msiba hajatoka nje ya geti. Kaburini hajarudi. Anasema ataenda kwa gari la mumewe, na hili si gari la mumewe. Anasema lile lilikuwa limeketi, hili limesimama kama mgeni anayetaka kuaga."

Fundi hakucheka. Aliitazama picha, akalitazama gari, akaitazama picha tena.

"Niachie," alisema. "Na picha pia niachie."

*

Simu ililia mshona mapazia akiwa kwenye cherehani anakunja pindo.

"Halo, Bibi Mapazia."

"Nani mwenzangu?"

"Mtu wa soksi mbili."

"Kila mtu ana soksi mbili."

"Zangu hazijuani."

Hakucheka, lakini mguu wake uliacha kukanyaga cherehani.

"Gari limekwisha?"

"Bado. Nimepiga tu nisikie sauti yako. Ni sauti ya mtu anayesoma bei."

"Ndiyo sauti niliyo nayo."

"Basi nisomee bei, nitasikiliza."

Wakaendelea hivyo. Fundi alipiga, yeye akapokea. Baadaye mshona mapazia akaanza kupita gereji jioni akitoka kazini, akaketi juu ya tairi kuukuu lililofunikwa gazeti, na fundi akamwekea chai kwenye kikombe alichokiosha mara mbili na bado kikanukia dizeli. Wenzake gerejini walimwita shemeji kabla ya mtu yeyote kuwaruhusu.

"Mbona huzikati springi lishuke?" mshona mapazia alimwuliza jioni moja. Gari lilikuwa juu ya jeki, springi imetolewa, imekaa sakafuni kama nyoka aliyejikunja.

"Hii, mpenzi, ukikata pete moja, hairudi. Kukata ni pumzi moja, kuunga ni majuto."

"Hata kwetu. Ndiyo maana pazia hatulikati mezani. Unalitundika kwanza, linakaa siku nzima na uzito wake, ndipo unakunja pindo. Ukilikata halijabeba kitu, utakuja kulikuta limepanda kama suruali ya mtoto aliyerefuka."

Fundi akaweka spana chini. "Hebu rudia."

"Suruali ya mtoto?"

"Hapana. Halijabeba kitu."

Akarudia. Fundi akaifuta mikono yake, akaichukua picha kutoka kwenye msumari ukutani, akaisogeza karibu na taa.

"Siku hii mlikuwa mnakwenda wapi?"

"Sikumbuki. Nakumbuka jua tu. Nilikuwa nimekunja macho."

Ni kweli, hakukumbuka. Kumbukumbu zake zilikuwa kama ufizi uliopigwa ganzi. Aliujua upo, aliugusa kwa ulimi, haukumwambia kitu. Fundi akairudisha picha kwenye msumari. Hakuuliza tena.

Siku iliyofuata mshona mapazia alimletea soksi mpya, jozi iliyolingana, rangi ya kijivu. Aliziweka juu ya meza ya kazi bila neno, akaondoka. Lilikuwa jambo la kwanza kulifanya tangu msiba bila kuambiwa na mtu.

*

Kisha fundi akaanza kukwepa.

"Limefika wapi?"

"Bado napima, mpenzi."

"Unapima nini? Picha si unayo?"

"Ninayo. Nipe muda kidogo."

"Mama ananiuliza."

"Mwambie fundi ana mwendo wa konokono."

Alhamisi mchana mshona mapazia alipeleka mapazia kwenye ofisi moja, akapita njia ya gereji. Gari lilikuwa nje, limejaa watu. Kiti cha mbele alikaa mwanamke mmoja wa makamo, mnene, anacheka hadi mikono inatikisika. Nyuma wamebanana vijana wa gereji. Na kwenye kiti cha dereva, kiti cha baba yake, alikaa mchomeleaji wa jirani, tumbo limegusa usukani, anatafuna karanga na kutupa maganda dirishani.

Fundi alikuwa amechuchumaa nje, picha mkononi, anapaza sauti. "Dada, sogea kidogo kwa mwenzako! Haumi!"

"Nikisogea nitamzalia!" mwanamke akajibu, na gari zima likatikisika kwa kicheko.

Mshona mapazia alifika hadi mlango wa dereva. Vicheko vikafa kimoja kimoja.

"Toka," alimwambia mchomeleaji.

"Mpenzi," fundi aliinuka, "huyu ni dada yangu, na hawa nimewaita mimi. Ngoja nikueleze..."

"Nipe ufunguo."

"Nisikilize kwanza."

"Na picha."

Alingoja hasira ije, maana ingemsaidia. Haikuja. Watu waliposhuka wote, na ufunguo na picha viko mkononi mwake, alipangusa maganda ya karanga kwenye kiti kwa kiganja, akayatupa, akaketi, akaondoka. Kwenye kioo alimwona fundi amesimama katikati ya barabara, mikono imening'inia, na chini ya ovaroli soksi za kijivu zinalingana.

Simu ililia njia nzima. Ililia jioni, ikalia asubuhi. Aliiweka chini ya kitambaa akaendelea kushona.

Upande wa pili wa mji palikuwa na fundi mwingine, mtu asiyeuliza maswali. Alitazama picha kama mtu anavyotazama saa, akawasha msumeno wa umeme. Mshona mapazia hakuwa hata amemaliza soda yake.

Gari likaketi. Nafasi ya kidole kimoja, kama kwenye picha. Alipoliingiza uani, mama yake alikuja dirishani, akasimama muda mrefu, kisha pazia likaanguka. Alipotoka alikuwa amevaa viatu vyake vyeusi na kujitanda kitambaa cheupe.

"Sasa hili ndilo," mama alisema.

Shangazi, dada wa marehemu, akatoka jikoni akijifuta mikono. Kaka yake mdogo akaacha shati bila kulifunga vifungo. Mama akaingia mbele, hao wawili wakaingia nyuma, mshona mapazia akashika usukani. Gari likaenda hatua chache. Halafu tairi la nyuma likakwaruza bodi kwa sauti ya kucha kwenye ubao, na tumbo la gari likakalia kizingiti cha geti. Likagoma.

Mama akafungua mlango, akashuka, akarudi ndani. Walimsikia akivua viatu, kimoja, kisha kingine.

"Dada," kaka aliuliza, "umelifanya nini?"

"Nimelirudisha. Tazama picha."

Shangazi akaichukua, akaisogeza mbali na macho yake. "Siku hii si ndiyo tulikuwa tunakwenda harusini? Mimi niko hapo nyuma, nimebanwa na mnyama huyu kaka yako. Mama yenu mbele. Baba yenu anapiga honi, anasema, mwanangu piga hiyo picha tuondoke, joto litatuua." Akamrudishia. "Wewe tu ndiye ulikuwa nje."

Mshona mapazia alivitazama vile vioo vyeupe. Hakuona mtu. Lakini walikuwamo.

*

"Halo." Sauti ya fundi ilikuwa ya chini.

"Uliwakalisha wale watu ili upime."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningeanzaje? Nikwambie gari limepanda kwa sababu baba yako hayumo? Nilitafuta maneno, mpenzi, sikuyapata. Nikasema nipime kwanza, pengine nimekosea."

"Na yule mtu wa karanga?"

"Niliomba mtu mnene. Kwenye picha, mbele kwa dereva pamelala zaidi. Nikadhani mzee alikuwa na mwili."

Cherehani ya jirani ilisikika ukutani.

"Alikuwa na mwili," mshona mapazia alisema. "Viti vilimlalamikia." Kisha, kwa sauti ile ile ya kutaja bei, akasema, "Nimezikata springi. Za mbele na za nyuma."

Fundi akavuta pumzi. "Usiliguse. Nakuja."

Hakuja siku ile. Alizunguka kwenye mabanda yote ya magari mabovu, akamsumbua kila aliyemjua, hadi akapata springi za gari la aina ile ile, lililokuwa limegeuzwa banda la kuku. Alipofika uani alikuwa anazo begani, manyoya ya kuku yamemganda shingoni.

"Shikamoo, mama," alisalimu kuelekea dirishani.

"Marahaba," dirisha likajibu.

Alifanya kazi hadi jua likahama ukuta. Mshona mapazia alimshikia jeki, akampa spana aliyoitaja, akakosea, akarudia.

"Una manyoya," alimwambia, akamtoa unyoya mmoja.

"Acha mengine, yananipendeza."

Jeki ilipotolewa, gari likasimama. Likawa refu, kiganja kizima juu ya tairi.

"Limesimama tena," mama alisema dirishani.

Fundi akamtazama mshona mapazia. Hili halikuwa lake kulisema.

Mshona mapazia akasogea chini ya dirisha. "Mama, gari halikuwa chini. Lilikuwa limejaa."

Mama akaondoka dirishani. Kisha wakamsikia akivaa viatu, kimoja, kisha kingine.

Mama aliketi mbele, gari likashuka kidogo. Kaka akaingia nyuma, likashuka.

"Nipisheni," shangazi alisema, "mimi ndiye mzigo wenyewe," akaingia, nalo likalia, likashuka zaidi. Kiti cha dereva kikabaki wazi. Wote walikitazama, kisha wakatazama pengine.

"Wewe fundi," mama alisema, "unangoja kadi ya mwaliko?"

Fundi akajipangusa suruali, akajipangusa tena, akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu aliye ofisini kwa mkubwa. Mshona mapazia alikuwa nje, mahali pale pale alipokuwa amesimama na kamera. Akainama. Akaweka vidole kati ya tairi na bodi. Viwili.

"Kimezidi kidole kimoja," alisema.

"Naweza kukishusha," fundi akajibu dirishani. "Nikate kidogo sana upande huu..."

"Usikate."

Mama alimgeukia fundi, akamkagua kuanzia shingo hadi magoti. "Tatizo ni huyu, hana nyama. Hicho kidole mtoto wangu atakijaza kwa kumlisha."

Shangazi alicheka hadi gari likarukaruka juu ya springi zake za banda la kuku. Hata mama, pembe ya mdomo ilimsogea.

"Umesikia, Bibi Mapazia?" Masikio ya fundi yalikuwa yamewaka. "Nimepewa kazi."

"Kazi gani?"

"Kunenepa. Kwako. Miaka yote."

"Utaanza lini?"

"Ukisema ndiyo."

Alivitazama vidole vyake viwili, vyeusi kwa vumbi la tairi. Alingoja kitu kimpande kifuani, machozi au furaha, chochote. Kilichokuja kilikuwa kidogo, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kuchoma.

"Ndiyo," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma bei. Fundi alikuwa ameshajifunza kuisikiliza.

"Basi ingia tuondoke, joto litamuua mama," fundi alisema, na akapiga honi.

Mshona mapazia akafungua mlango wa nyuma, akajibana kando ya shangazi. Gari likashuka tena. Limeshuka kiasi gani, hawakujua. Safari hii hapakubaki mtu nje wa kupima.