Badi Juu ya Dishi

Mwaka ule wa 1975, kila asubuhi kabla ya hesabu, wanafunzi wa kijiji kimoja cha Odisha, India, walikaa sakafuni mbele ya televisheni ya shule, ya kwanza kuonekana pale. Lakini tangu juzi jioni ilikuwa chenga tupu.

"Bora hata hesabu," alinung'unika Malati.

Rafiki yake Kuntala aliinamisha kichwa.

Fundi Jadumani alikuwa akiikagua televisheni tangu jana, akaifungua, akaifunga, akaifungua tena. Sasa alitupa bisibisi chini. "Mwalimu, nimechoka. Jioni naibeba niipeleke kijiji kingine. Setilaiti yenyewe inayotuletea picha tumeazimwa mwaka mmoja tu, hakuna siku ya kupoteza."

"Na dishi?" aliuliza Mwalimu Dibakar.

"Nililifunga mwenyewe juu ya paa. Nani aliguse?"

Kuntala alijua nani. Juzi bibi yake alimpa badi aanike, yale madonge ya dengu. Kunguru wakadonoa, mbuzi wakala, akachoka kuwafukuza. Ndipo alipoliona dishi, wavu wa waya mpana kuliko ungo wowote. Akapanda, akalivuta likalala chali, akatandika kitambaa, akaanika. Jioni alilirudisha kwa kukisia. Mbingu ni mbingu, hata likielekea wapi, alijiambia.

Sasa televisheni ilikuwa inaondoka kwa sababu yake. Aliogopa, lakini alisimama.

"Mwalimu, ni mimi. Nilianika badi kwenye dishi."

Darasa lilicheka. Fundi hakucheka. "Mimi nahangaika na hili sanduku tangu jana, mwanangu, na wewe unanitazama tu?"

"Nisamehe, mjomba."

Fundi alipanda paani, akasukuma dishi kidogo kidogo, Mwalimu akimpigia kelele dirishani: "Bado. Bado. Rudisha kidogo. Hapo hapo!"

Picha ilitokea, safi kabisa. Mtangazaji alikuwa anaaga. Wanafunzi wakaguna kwa uchungu, na Kuntala akatamani ardhi immeze.

"Jioni wazazi wenu watatazama, televisheni haiendi popote," alisema Fundi alipokwisha kushuka, akifuta jasho.

Mwalimu alimgeukia Kuntala. "Ungesema jana, dishi lingenyooshwa jana. Kosa la badi ni la mtoto, sisi sote tumewahi kukosea. Lakini ulimwacha mtu atafute ubovu kwenye televisheni, nawe unajua uko kwenye dishi. Hilo ndilo lililotuchosha. Ukikosea, sema mapema."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Haya, toeni madaftari ya hesabu."