Njegere za Kisanduku Pacha

Kila asubuhi kabla ya kengele, Uliana alivua buti zenye theluji, akavaa viatu vya ndani, akaingia chumba cha sayansi kupima njegere. Zilikuwa kumi na mbili, ndani ya kisanduku chenye taa. Pacha wa kisanduku hicho alikuwa juu angani, katika kituo kinachozunguka dunia, akitunzwa na mama yake Uliana, mwanaanga Kapitolina. Mbegu zilitoka mfuko mmoja, udongo mfuko mmoja, maji kwa kipimo kimoja. Wataalamu walitaka kujua mimea hukuaje mahali pasipo na uzito, kwa hiyo za juu zililinganishwa na za chini.

Shida ni kwamba za chini zilidumaa. Wiki ya tatu majani yaligeuka manjano, mashina yakabaki mafupi kama kidole gumba. Yefim, mwenzake wa dawati, alimcheka kutwa kucha: mama anapaa angani, binti hata njegere zimemshinda! Uliana aliumia. Aliogopa watu wote wangesema ni mvivu wa kumwagilia.

Bibi Raisa, aliyekuwa akimlea, alikuwa ameotesha miche dirishani katika paketi za maziwa zilizokatwa, kama bibi wengi wa mji ule, akingoja theluji iyeyuke. Miongoni mwake zilikuwemo njegere zilizonawiri ajabu. Basi Alhamisi Uliana aliwahi shule nazo, akazipanda kisandukuni, akazichukua zile zilizodumaa na kuzificha nyuma ya pazia la chumbani kwake. Bibi alipouliza, aliambiwa shule imeziomba. Vipimo vipya vikatumwa angani, na Yefim akafunga mdomo.

Lakini njia ya mwongo ni fupi, na ya Uliana ilikuwa ya siku nne tu. Jumapili mama alipiga simu ya video, nywele zimemsimama pande zote.

"Zako zimependeza, mwanangu," alisema. "Zangu zimegeuka manjano, zinakufa. Mbegu ni zile zile, udongo ule ule, basi kasoro iko kwenye kisanduku changu. Kesho nazing'oa zote, nafungua taa na feni nizikague, naanza upya."

Bibi akauliza kwani kesho si siku yake ya kupumzika. Mama alicheka kwa uchovu, akasema kupumzika atapumzika akirudi nyumbani.

Simu ilikatika. Uliana alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi, hadi bibi akamwuliza kama amekalia siafu. Kama hatasema leo, kesho mama ataharibu kazi ya wiki tatu kwa sababu yake. Alizibeba njegere zake mbovu, akashuka ngazi mbio hadi kwa Mwalimu Innokenti wa sayansi, aliyeishi ghorofa ya tatu ya jengo lao. Mwalimu alifungua mlango akiwa amevaa ndara.

"Mwalimu, zile za shuleni si zenyewe," alisema. "Zenyewe ni hizi. Nilizibadilisha."

Mwalimu aligeuza jani moja, akaona kingo zake zimeungua, akauliza za mama yake zikoje. Uliana akajibu kuwa nazo ni za manjano vivyo hivyo. Hapo mwalimu akanyanyua simu. Kabla ya jioni wataalamu walikuwa wameupima udongo uliobaki mfukoni, wakakuta mbolea imezidi. Kisanduku cha mama kilikuwa kizima kabisa. Aliambiwa asing'oe kitu, ausuuze udongo kwa maji safi, kisha alale.

Uliana hakuachwa hivi hivi. Jumatatu alisimama mbele ya darasa akaeleza yote, Yefim akimtazama, na aibu ikamjaa hadi masikioni. Wenzake walipotoka, mwalimu alimbakisha.

"Ulidhani tumekupa kazi ya kuotesha njegere nzuri," alimwambia. "Sivyo, binti yangu. Tulikupa kazi ya kutuambia zimeotaje. Zile zilizodumaa, ulizozionea haya, ndizo zilizokuwa jibu. Mama yako yuko mbali, hawezi kuja kujionea mwenyewe. Anachokijua cha huku chini ni kile tunachomwambia."