Chembe Zilizokataa Kutoka Tanurini

Harufu ya udi haina kazi kwenye tanuri la gesi. Asenath alipoinusa adhuhuri ile, katika maabara yake nje kidogo ya Garsen, alimgeukia fundi wake kwa jicho la dharau.

"Tsuma, umechoma nini humu?"

"Sijachoma kitu, madam."

Maabara ile iligeuza mathenge, ule mti wa miiba uliovamia malisho, kuwa gesi. Unga wa makaa yake ulimwagwa juu ya tanuri refu la chuma lenye hewa iliyoshindiliwa, na Asenath alipima muda ambao chembe zilikaa ndani kabla ya kutokea chini. Kwa kawaida ni kufumba na kufumbua. Siku hiyo ziliingia, hazikutoka.

"Umeziba bomba, boga wewe!"

Wakatoa hewa, wakangoja chuma kipoe, wakafungua. Ndani mlikuwa safi kama sufuria iliyorambwa.

Tsuma akarudi nyuma. "Madam, wazee wa Ndera walitukataza kukata kichaka kile cha mathenge, wakasema kina mwenyewe. Tumwite Bi Nuriya, yule mganga wa Kipini."

"Wazee wako wanaogopa hata kivuli cha ng'ombe."

Akaingiza mkono mpaka begani apapase, na hapo akausikia mvumo mdogo kama wa mtu aliyelala, kisha pumzi ya moto ikimpanda mkononi, kisha vidole, virefu na laini, vikimzunguka kiganja polepole, vikakaza, vikavuta, mpaka shavu lake likabanwa kwenye chuma, akapiga yowe akimwita Tsuma.

Bi Nuriya, aliyeitwa na Tsuma, alifika jua likishuka, Asenath angali amenaswa. Akasoma dua, akapuliza penye mlango wa tanuri. Ndani kukachekwa.

"Ati huyu ndiye wa kunipima? Kiingiacho kwangu hukaa nitakavyo."

"Muombe radhi, mwanangu," Bi Nuriya alinong'ona.

"Nikaliombe radhi bomba?"

Vidole vikakaza. Mfupa ukalia.

"Nisamehe! Nisamehe, bwana!"

Mkono ukaachiwa. Bi Nuriya alimtazama akiuguza kiganja, akatikisa kichwa.

"Umeomba kwa maumivu, si kwa moyo. Tanurini hayumo tena."

"Basi aende zake," Asenath akasema, akamfungulia Bi Nuriya mlango bila asante.

Jumapili, kanisani, watu wakipeana amani, jirani yake Loise aliushika mkono ule, akauachia kama aliyeshika kaa la moto.

"Dada," alinong'ona, "mbona mkono wako unapumua?"