Brashi ya Kudokolea Makombe

Magharibi ile nilimpelekea mjukuu wangu sweta kazini. Ukweli? Sweta ilikuwa kisingizio. Nilitaka kuona kama ana mchumba huko. Umbeya hauzeeki.

Nikamkuta peke yake, jicho limeganda kwenye hadubini. Kazi yake ni tope. Wanalichota chini kabisa ya bahari, wanalichuja, yanabaki makombe madogo kuliko chenga za unga. Anasema vijidudu vilivyoyajenga vilikufa kabla ya babu wa babu zetu, na kila kombe limetunza habari za maji ya zama zake, kama yalikuwa ya moto au ya baridi.

"Kumbe nawe mmbeya," nikamwambia. "Unachimba habari za marehemu."

Akacheka. "Nimekurithi wewe, mke mwenza."

Akailamba brashi yake nyembamba ncha ichongoke, akadokoa nayo kombe. Akalamba tena.

"We mtoto, usilambe vya wafu."

"Kila mtu hapa analamba, bibi."

Akameza mate.

Akaganda na brashi mkononi.

Kwanza ilikuja harufu. Chumvi. Tope. Kitu kilichofungiwa muda mrefu. Halafu maji, tone... tone... na bomba limefungwa. Nikamshika mkono. Baridi! Barafu ina nafuu.

"Huku hakuna jua," akanong'ona. Sauti si yake. Ni sauti ya wale wafu, wengi, kama mchanga unaomwagwa. "Tulikuwa tumelala. Nani katuamsha?"

Macho yake yakawa meupe kama chokaa.

Nikamtikisa. Nikampiga kofi. Nikapiga kelele, jengo zima tupu. Huyu ndiye niliyebakiziwa. Mama yake nilishamzika kwa mikono hii. Nikapiga magoti sakafuni.

"Mwacheni! Mnataka mdomo wa kusemea? Chukueni wangu, umezoea."



Nikaichukua brashi.

Nikailamba.

"Bibi?" Macho yake yamerudi. "Mbona uko chini? Unalia nini?"

Sikumwambia. Mimi, nisiyeweza kutunza siri hata ya kuku!

Tangu siku hiyo sweta naivaa mimi, juani, na bado natetemeka. Leo asubuhi nimetema mchanga mweupe kikombeni. Mjukuu akaubeba mbio kazini kwake, nami nyuma yake. Akauweka chini ya hadubini, akainama. Akainama sana.

"Bibi..." Brashi ikamponyoka. "Hawa wanatembea."